Wasipokuuliza Kadi ya Chanjo, Rudi Nyumbani na Mbwa Wako

Wasee, Disemba inakuja na najua mko kwa hesabu. Nauli ni ngapi, nani anaenda Diani, nani anabaki kuchunga boma. Halafu kuna yule mbwa mlimnunua Aprili juu alikuwa anatoka poa kwa picha. Yeye anaenda wapi?

Nauliza juu kila mwaka ikifika katikati ya Novemba inboksi yangu inajaa swali moja: "Niambie mahali poa pa kuacha mbwa." Na watu kama mimi tunajibu haraka. Tunatupa jina la mahali, namba ya diskaunti, na vinyayo viwili vya emoji. Kazi imeisha.

Leo sitoi jina la mahali popote. Nataka kusema kwamba jina si jibu, na kwamba sisi tunaowatajia majina tumewakosea. Nitaanza na mimi mwenyewe, ndio msiseme naonea wengine.

Nina mbwa anaitwa Giza. Ni mweusi tii. Huku Kianjai watu wanacheka wakisikia nikimwita, juu giza pia ni gredi ya miraa, na ya bei. Alikuwa na miezi mitano wakati nilipata kazi ya kushuti Mombasa, siku nne. Mahali fulani wakanitumia ujumbe: leta mbwa alale bure, wewe utuposti video moja tu. Nikasema huu ni mwaka wangu.

Nilipofika, wueh. Nyayo zimechorwa ukutani. Vitanda vidogo vyenye mito. Taa za rangi. Nilishuti mapokezi, nikashuti vitanda, nikamshuti Giza akilamba mkono wa kijana wa kazi. Hakuna mtu aliniuliza Giza ana umri gani. Hakuna aliuliza kadi ya chanjo. Hawakuuliza anakula nini, daktari wake ni nani, au wampigie nani simu yangu ikizima. Na mimi nilifikiria nini? Nilifikiria hawa watu hawana maringo. Mahali hapa ni rahisi.

Huko nyuma, mahali mbwa wanalala kwa ukweli kamera ikishazimwa, sikuenda. Hata sikuomba kuona.

Na kuna kitu kingine ambacho lazima nikiri. Giza alikuwa amedungwa chanjo ya kwanza pekee. Ya pili niliruka. Pesa yake ilinunua taa ya kushutia.

Nilirudi Jumapili. Jumanne Giza akakataa ugali na omena, kitu ambacho hajawahi kukataa tangu azaliwe. Jumatano akaanza kutapika. Usiku akaanza kuhara damu, na kama umewahi kusikia hiyo harufu hauwezi kuisahau. Daktari wa mifugo alisema "parvo" kabla hata hajamshika, kisha kipimo kikasema hivyo hivyo. Siku nne kwa dripu. Alitoka akiwa mifupa mitupu, lakini alitoka.

Wiki iliyofuata dada mmoja wa Makutano, pale Meru mjini, akaniandikia. "Nilimpeleka mbwa wangu hapo juu ya video yako. Amekufa leo asubuhi."

Sikumjibu. Siku ya tatu nilifuta video kimya kimya, nikaposti kitu kingine kuhusu viatu.

Sasa tuwe wa haki. Siwezi kuapa kwamba mbwa wake au Giza walishika ugonjwa hapo. Mara nyingi parvo huonekana siku 3 hadi 7 baada ya mbwa kuambukizwa, na wakati mwingine inachukua hadi wiki mbili. Giza angeweza kuishika njiani au hata hapa sokoni. Lakini fikiria hivi: hao watu wenyewe pia hawangeweza kujua. Mahali ambapo hapaulizi kitu hapawezi kujua kitu. Hawajui nani aliingia akiwa mgonjwa, hawajui nani alitoka akiwa mgonjwa, kwa hivyo hawawezi kuonya yule anayeingia kesho. Hiyo ndiyo shida, na mimi niliiita urahisi.

Wacha niwaeleze parvo inafanya kazi aje, juu ukielewa hii hutadanganywa tena na mito. Ni virusi. Ilisambaa duniani mwaka wa 1978, na mpaka leo inaua watoto wa mbwa kuliko karibu kila kitu kingine. Inatoka kwa kinyesi cha mbwa mgonjwa, na inaweza kubaki kwa udongo miezi mingi, hata mwaka, kama kuna kivuli. Sabuni ya kawaida haiiwezi. Dawa nyingi za kunukisha sakafu haziiwezi pia. Jik inaiweza, lakini lazima uchafu usuguliwe utoke kwanza, na lazima sakafu iwe kitu kinachoweza kusuguliwa, kama simiti laini isiyo na nyufa. Udongo hausuguliki. Kitanda cha sponji hakisuguliki. Kwa hivyo ule mto mzuri niliowaonyesha kwa video, nikauzungushia na muziki, ndio ungekuwa wa kwanza kunitia wasiwasi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga: mahali pazuri pa kuacha mbwa ni pale ambapo wanaweza kukukataza. Kama hawawezi kukufukuza, usiwape mbwa wako.

Unafika na begi, matatu ya Nairobi inakungoja stejini, na dada wa mlangoni anakwambia: kadi iko wapi? Nataka kuona chanjo ya kichaa cha mbwa. Nataka kuona ile ya pamoja inayokinga parvo, distempa, homa ya ini na leptospirosis. Nataka kuona ya mwisho ilidungwa wiki mbili au zaidi zilizopita, si jana, juu chanjo ya jana bado haijaamka mwilini. Kama hauna, pole, rudi naye. Wewe utakasirika. Utasema wana maringo. Lakini huyo dada hakukukataza wewe pekee. Alimkataza kila mtu aliyekuja mbele yako bila kadi, na hiyo ndiyo maana mbwa wako akiingia hapo ako salama. Na pale wamekuruhusu bila kadi, jiulize ni nani mwingine wameruhusu asubuhi hiyo.

Kadi ikishapita, omba kuona nyuma. Si ofisi. Nyuma. Nenda bila kupiga simu, saa ya kuosha au saa ya kulisha. Angalia sakafu, angalia maji kama ni ya leo, angalia kama kuna milango miwili mbwa akiponyoka wa kwanza. Uliza mbwa mkubwa na mdogo wanachanganywa aje. Uliza mbwa akianza kukohoa anapelekwa chumba gani, juu kikohozi cha mbwa kinapita kwa hewa na kwa bakuli, na kama jibu ni "tutamchunga tu hapo", wote wako watakohoa. Wakikwambia wateja hawaingii nyuma kwa sababu ya magonjwa, hiyo inaweza kuwa sababu ya ukweli. Basi wakupigie simu ya video hapo hapo wakionyesha. Wakikataa na hiyo, begi lako libebe.

Halafu uliza kuhusu usiku. Watu wengi hawaulizi hii. Saa nane usiku, tarehe 25 Disemba, nani ako hapo? Si mchana, usiku. Na usiku wa mwaka mpya wakati fataki zinalia na mbwa wanataka kuruka ukuta, nani ako hapo? Kama jibu ni soja wa geti tu, basi unalipa pesa mbwa wako afungiwe na achungwe na mtu ambaye kazi yake ni geti.

Uliza ni kijana mmoja kwa mbwa wangapi, na uliza hiyo hesabu ya Disemba, si ya Machi. Uliza daktari wao ni nani. Kenya tuna Bodi ya Madaktari wa Mifugo, iko chini ya sheria ya mwaka wa 2011, na daktari wa mifugo au msaidizi wake anatakiwa awe amesajiliwa nayo. Kuomba kujua kama amesajiliwa si kumdharau mtu. Halafu andika kwa karatasi: mbwa akiugua na simu yangu haishiki, mtibu, tumia hadi pesa kiasi hiki bila kuningoja. Weka sahihi. Mbwa wengi wanaharibikiwa katika yale masaa mtu anasema "tulikuwa tunangoja mwenyewe apatikane."

Sasa nije kwetu, sisi wa kamera. Uingereza mahali pa kulaza mbwa panahitaji leseni. Wamekuwa na sheria ya hiyo biashara tangu 1963, na tangu 2018 kule England baraza la mji linatuma mkaguzi, kisha mahali panapewa nyota kuanzia moja hadi tano. Nyota zinatolewa baada ya mtu kuangalia sakafu, maji, na vitabu vya rekodi. Huku nyota mnazofuata tunazitoa sisi. Na sisi tulilipwa. Au tulilala bure. Au mbwa wetu alilala bure, tukaiita "mapitio ya ukweli".

Mimi sijawahi kupita kipindi kizima nikijifunza mambo ya wanyama. Chuo chenyewe niliacha. Sina shida na hiyo. Lakini nilikuwa nasimama mbele ya watu nikisema "hapa ni salama", neno ambalo daktari wa mifugo hawezi kulitamka bila kuuliza maswali kumi. Huo ni uongo hata kama kila picha kwa video ni ya kweli.

Najua kuna mtu anasema: bro, watu wa Tigania wanaamka kutafuta maji na punda, na wewe unatuletea hoteli ya mbwa. Hiyo ni ya Karen. Huku mbwa ni mbwa.

Nimeisikia. Hata nyumbani naambiwa. Na najibu hivi: haswa juu huku mbwa ni mbwa, hii maneno inatuhusu kuliko Karen. Karen mbwa akiachwa vibaya anabaki ndani ya ukuta. Huku kwetu unaachia mtu mbwa bila chakula cha kutosha, siku ya pili kamba inakatwa, siku ya tatu yuko sokoni na wenzake wakigombania matumbo nyuma ya bucha. Na kama hana chanjo, hiyo si habari ya mbwa tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Mbwa ndio wanaleta hadi asilimia 99 ya ugonjwa huo kwa binadamu. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Kenya ina mpango wa kuumaliza, wa 2014 hadi 2030, na msingi wake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Si hospitali kubwa. Ni sindano ya mbwa, kila mwaka. Na ukiumwa leo, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kwa hivyo mtoto wa shule ya msingi anayetembea asubuhi barabara ya Kianjai ana haki ya kujua umemwacha mbwa wako wapi. Kama unaona hiyo ni mambo ya matajiri, basi sijui umaskini ni nini.

Na ile ya "tutamwachia jirani tu", sikatai. Nakubali kuliko mnavyofikiria. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumnyima mnyama chakula na maji kuwa ukatili, na haijali kama yuko kwa hoteli ama kwa mti wa mparachichi. Jirani pia ana kazi. Tatizo letu ni kwamba tunamwachia jirani mbwa kama vile tunamwachia ndoo: shika hii, nakuja. Hatuachi chakula, hatuachi pesa, hatuachi namba ya daktari, halafu tukirudi tunauliza mbona amekonda.

Safari yangu iliyofuata nilienda kwa shosho wa boma la pili kutoka kwetu. Ana ua wa senyenge, hana mbwa wake mwenyewe, na hatoki sana. Nilimsalimia, nikamweleza, nikasema nitamlipa mia tatu kwa siku. Akamwangalia Giza, akaniangalia mimi.

"Amewahi kuuma mtu?"

"Hapana, shosho."

"Amedungwa?"

Nikaanza kuzunguka. Nikasema ile ya kwanza alipata, halafu akaugua, halafu pesa...

"Mwanangu, maliza kudunga kwanza, ndio umlete. Mimi nina wajukuu hapa. Na akinifia, nikupigie au nizike?"

Maswali matatu. Mwanamke ambaye hajawahi kuona hoteli ya mbwa aliuliza maswali matatu ambayo mahali pa taa za rangi hawakuuliza hata moja. Na alinikataza. Safari ilisogea. Nilimaliza chanjo ya Giza, nikangoja wiki mbili, nikarudi na unga uliopimwa wa kila siku, omena kwa pakiti, kopi ya kadi, na namba ya daktari tukaibandika nyuma ya mlango. Tukaandikiana kwa karatasi. Nikamwambia asimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, akanicheka, akasema mifupa huwa anatafuna mwenyewe. Nilirudi nikamkuta Giza amelala mlangoni kwake na hataki kunifuata.

Sisemi kila mtu atafute shosho. Kama uko Nairobi kwa ploti ya ghorofa saba, pengine jirani yako hata jina humjui, na mahali pa kulipia ndipo utaenda. Sawa. Lakini maswali ni yale yale, na kama jibu la mahali ni kicheko na "usijali boss", jali.

Kwa wenzangu wenye kamera, nawaomba vitu vitatu. Kama ulilala bure au ulilipwa, sema mwanzo wa video, si kwa maandishi madogo chini. Kama hukuona nyuma, sema hukuona nyuma. Na ikienda vibaya, posti hiyo pia, kwa ukubwa ule ule wa ile ya kwanza. Kufuta si kurekebisha. Watu waliokuamini hawaoni video ikifutwa. Wanaona tu mbwa wao hajaamka.

Kwako uliyenunua mbwa Aprili: kama umetafuta na hakuna mahali pamekuuliza swali, na hakuna jirani, na hakuna pesa ya chanjo, basi wewe ndiye hauendi Diani. Pole. Ulichukua kitu kinachopumua. Baki na yeye, peleka sindano ya Januari mbele, na Disemba ijayo utasafiri ukiwa na kadi mkononi.

Na kwako dada wa Makutano. Nilipaswa kukujibu siku ile ile. Nilipaswa kusema sikuangalia nyuma, sikuulizwa kadi na sikushtuka, na nilikwambia ni salama bila kujua. Hii ndiyo video niliyofuta, imeandikwa upya. Hii siifuti.